Kuandika Si Kuambia

Mtoto mmoja wa mwaka wa tano, hapa kwetu Nyarugusu, alikosa masomo siku 17. Mwalimu wake alijua. Mwalimu mkuu alijua, maana mwisho wa mwezi alijumlisha waliokosa na kupeleka ripoti. Ofisi iliyopokea ripoti nayo ilijua, ingawa yenyewe iliona namba tu. Mtu mmoja ndiye hakujua: mama yake.

Kila asubuhi mtoto alivaa nguo za shule, akabeba mfuko, akaaga. Ndani ya mfuko kulikuwa na daftari moja na nguo kuukuu. Njiani alibadilisha, akatoka kambini kwenda kulima kibarua kwenye mashamba ya wenyeji. Wenzake wakirudi, na yeye anarudi. Mama alikuja kujua siku alipoitwa zahanati, mtoto amejikata mguu kwa jembe. Alibishana na muuguzi mlangoni: "Si wangu huyo. Wangu yuko masomo."

Tulienda shuleni pamoja, mama yule na mimi, kwa sababu kazi yangu ni kufuatilia vijana. Mwalimu hakutugombeza. Alifungua daftari la kuitia majina, akapitisha kidole kwenye mstari wa mtoto, akatuonyesha alama moja moja. "Niliandika," akasema. "Mama, kila siku niliandika."

Na ni kweli, aliandika. Hilo ndilo linaloniuma. Hakuna aliyekuwa mvivu hapo. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri, na mtoto bado alipotea siku 17 kutoka nyumba iliyo karibu na shule.

Ndugu wasomaji, tumezoea kufikiri kwamba kutoa taarifa ni kupeleka juu. Mwalimu anapeleka kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu anapeleka ofisini, ofisi inapeleka kwa wafadhili. Karatasi inapanda, inapanda, na huko juu inageuka asilimia. Sijawahi kuiona ikishuka. Mimi mwenyewe nimejaza fomu hizo. Ukijaza unajisikia umefanya kazi. Kumbe umemwambia kila mtu isipokuwa yule anayeweza kumshika mtoto mkono kesho asubuhi.

Najua jibu litakalokuja. Eti mwalimu ana watoto mia moja na zaidi darasani, atazunguka vijiji vyote saa ngapi? Ni kweli. Mwalimu wetu mkimbizi analipwa motisha ndogo tu, na akitoka darasani anaenda kupanga foleni ya maji kama sisi. Simwombi azunguke. Nasema daftari lile lile analoandika asubuhi lina majina, na majina yana vijiji. Waliokosa leo wa kijiji hiki ni watatu, wa kile ni wawili. Karatasi ndogo tu. Kila kijiji kichague mama au baba mmoja anayeaminika, aipokee kabla ya saa sita mchana, apite nyumba hizo tatu, aulize: "Mtoto yuko wapi?" Basi. Siku hiyo hiyo, kwa mdomo.

Jibu la pili ni kwamba wazazi wenyewe ndio wanaowatuma watoto. Wengine ndiyo, na sitaki kuwaficha. Siku ya posho mtoto anabaki kubeba mzigo. Msichana anabaki kulea mdogo wake, au anatumwa kuni. Mwaka 2023 posho ilipokatwa hadi nusu, nani hakuona watoto wakiongezeka sokoni na mashambani? Lakini hata mzazi wa namna hiyo ni heri tubishane naye siku ya pili kuliko ya kumi na saba. Na yule mama wa zahanati hakumtuma mtu. Mtoto mwenyewe aliona sufuria haijai, akaamua. Alikuwa anaficha pesa ndogo ndogo kwenye kopo, ati anunue viatu vya mdogo wake. Mama angejua siku ya kwanza, wangeongea. Hakupewa hata nafasi ya kukataa.

Tusisahau pia hatari yenyewe. Kwa sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998, kutoka nje ya kambi bila kibali ni kosa. Mtoto yule kila siku alivuka mpaka wa kambi bila mtu mzima yeyote wa kwao kujua alipo. Angekamatwa, au angeumwa na nyoka huko, tungeanza kumtafuta shuleni, mahali pekee ambapo hakuwepo.

Jibu la tatu linatoka kwa wale wanaopenda ukali. Wanasema tufanye kama vijiji vya Watanzania wanaotuzunguka, ambako mtendaji wa kijiji anaweza kumwita mzazi ajieleze. Mimi hapo nasita. Kwetu sisi, mtu akija mlangoni na karatasi na kalamu, roho inaruka. Tunafikiri ni kuhesabiwa, au kadi ya posho imeguswa, au kuna jina linafutwa. Ukimtuma mtu wa ofisi kuuliza kuhusu mtoto, mama atasema uongo ili ailinde familia yake, nami ningesema uongo huo huo. Ndiyo sababu nasema aende jirani, mtu ambaye chumvi yake wameshawahi kuiazima. Jirani anaambiwa ukweli: hana nguo za shule, ana homa, binti yuko kwenye siku zake na hana kitambaa. Sababu hizo hakuna fomu niliyowahi kujaza iliyokuwa na nafasi yake.

Halafu kuna jambo moja la aibu. Mtoto akikosa siku tatu, siku ya nne akijitokeza, shule nyingine zinamrudisha nyumbani akamlete mzazi. Jamani! Amekosa masomo, tunamwadhibu kwa kumkosesha masomo. Na kama mzazi yuko kibaruani, mtoto atakaa nje siku nyingine tatu, halafu ataona aibu, halafu hatarudi kabisa. Mtoto aliyerudi aingie, akae, afundishwe. Mzazi ataitwa na watu wazima wenzake.

Nisijitoe mimi. Katika zile siku 17 nilimwona mtoto yule mara moja, kama saa nne asubuhi, karibu na soko, amebeba jembe begani. Shule zetu nyingine zina zamu mbili, asubuhi na mchana, basi nikajiambia huyu ni wa mchana. Nikampungia mkono. Naye akanipungia. Ingenigharimu nini kumuuliza, "Mdogo wangu, unasoma zamu gani?" Najifanya mfanyakazi wa vijana, na nilimpita kama mti.

Kwa hiyo simwandikii mwalimu peke yake. Wazazi, nasi tuna deni. Mtoto akiumwa, mtume mtoto wa jirani aseme shuleni. Ukihama zoni, sema. Mkipata safari ya kurudi nyumbani Congo, sema, ili jina lisibaki linaitwa kila asubuhi bila mtu kuitika. Na ofisi zinazodai ripoti kila mwezi, ulizeni swali moja zaidi kwenye fomu zenu: kati ya hawa waliokosa, nyumba ngapi zimeambiwa? Mkiuliza hilo, shule zitaanza kuambia.

Mtoto yule amerudi masomo. Kidonda kimepona, ingawa bado anachechemea kidogo. Wiki iliyopita alikosa siku moja. Kabla kengele haijalia, binti wa jirani alikuwa ameshafika mlangoni kwa mwalimu: "Mama yake amesema ana malaria, amepelekwa zahanati." Mwalimu aliandika alama yake kama kawaida, na pembeni akaandika neno moja: malaria. Jioni, akitoka kuteka maji, alipita kumwangalia.