Kielelezo Kilichofichwa Hakielezi Kitu

Wanafunzi wangu, leo tuanze na neno moja la mahakamani: kielelezo. Neno hili lina nasaba moja na vitenzi elea na eleza. Kielelezo ni kile kinacholifanya jambo lieleweke. Basi nauliza: hati iliyofungiwa kabatini kwa miaka mitatu, ikachomolewa asubuhi ya kusikilizwa kwa shauri, inaeleza nini? Haielezi, inavizia.

Tuchukue mfano. Mjane anadai kiwanja cha marehemu mumewe. Ameorodhesha mashahidi, ameambatisha hati zake, ameuza mbuzi apate nauli. Siku ya kusikilizwa, wakili wa mdaiwa anasimama na mkataba wa mauziano ambao mjane hajapata kuuona. Hakimu akiupokea papo hapo, mjane hana nafasi ya kuipinga saini iliyomo. Akiahirisha shauri, mbuzi wa pili atauzwa. Kwa vyovyote vile, mkosaji ni mmoja na mlipaji ni mwingine.

Watetezi wa ulegevu hukimbilia Katiba. Ibara ya 126(2)(e) ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaziagiza mahakama zitende haki bila kujali mno masharti ya kiufundi. Ibara ya 159(2)(d) ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaagiza vivyo hivyo. Ni kweli. Lakini mbona hawasomi aya zote? Ibara hizo hizo, katika aya ya (b), zinakataza haki kucheleweshwa. Tena, kumpa mwenzako nafasi ya kuujibu ushahidi si sharti la kiufundi. Ndiyo haki yenyewe.

Wengine watasema kwamba maskini asiye na wakili ndiye atakayeumia. Hofu hiyo ina uzito, nami siidharau. Ndiyo maana sheria huuliza sababu kwanza. Sheria ya Tanzania, kwa mfano, huikataa hati iliyochelewa isipokuwa mwenye kuileta airidhishe mahakama kwamba alikuwa na sababu ya kutosha. Aliyeunguliwa nyumba pamoja na nyaraka zake asikilizwe. Aliyezikalia kwa makusudi aadhibiwe.

Na adhabu ilingane na hila. Aliyechelewesha hati inayomfaa azuiwe kuitumia, au alipe kwanza gharama zote za kuahirishwa kwa shauri. Lakini aliyeficha hati inayomwumiza, je, tumwadhibu kwa kuizuia? Huko ni kumtunuku! Huyo anastahili Amri ya 10 ya Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za Uganda: mdai anayekaidi amri ya kufichua nyaraka aweza kufutiwa shauri lake, na mdaiwa kuondolewa utetezi wake. Silaha hiyo haikutungwa ipambe rafu za maktaba, itumike.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mahakama inayomwonea haya mficha hati huigeuza methali hiyo: anayeficha ni huyu, anayeumbuka ni yule mjane aliyeweka kila kitu mezani tangu siku ya kwanza. Hadi hapo kuficha kutakapogharimu kuliko kufichua, waficha nyaraka wataendelea kuficha, na mbuzi wataendelea kuuzwa.