Kovu la Tumboni Halisemi Yote

Mjamzito aliyewahi kupasuliwa huonyesha kovu lake kliniki, nayo kadi ikaandikwa: "Alijifungua kwa upasuaji." Maelezo hayo hayatoshi. Kovu la ngozi silo kovu la mfuko wa uzazi. Ngozi yaweza kuwa na mkato wa mlalo, ilhali ndani mfuko ulikatwa wima hadi sehemu yake ya juu.

Tofauti hiyo yaweza kugharimu uhai. Mwenye kovu moja la mlalo katika sehemu ya chini ya mfuko anapojaribu kujifungua kwa njia ya kawaida, hatari ya mfuko kupasuka hukadiriwa kuwa takriban 5 kati ya 1,000. Kwa kovu la wima la sehemu ya juu, hatari huongezeka mara nyingi, na mfuko waweza kupasuka hata kabla ya uchungu kuanza. Waliotolewa faibroidi nao husahaulika, kwa kuwa hawakuzaa kwa kisu.

Aidha, kondo la nyuma huweza kujishikiza kwenye kovu na kuzama katika ukuta wa mfuko. Kondo linapoziba mlango wa kizazi, uwezekano huo hukadiriwa kuwa 11 kati ya 100 kwa aliyepasuliwa mara moja, na 40 kwa aliyepasuliwa mara mbili. Ndiyo maana ultrasaundi ya kutazama kondo lilipo ni ya lazima kwake.

Kwa hiyo, si haki mama aruhusiwe kutoka wodini bila maandishi yanayotaja tarehe, sababu ya upasuaji, mwelekeo wa mkato ndani ya mfuko na matatizo yaliyotokea. Jalada hubaki hospitalini, mama huhama. Ni kweli kwamba wodi zimejaa na wahudumu ni wachache, lakini mistari minne huandikwa kwa dakika chache, nayo humwongoza mkunga atakayempokea miaka mitatu baadaye.

Mama naye ayadai maandishi hayo, ayahifadhi pamoja na kadi, na ayaonyeshe tangu hudhurio la kwanza. Ajifungulie penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa, wala asitumie dawa za kuchochea uchungu nyumbani, za mitishamba au za dukani. Akitokwa damu, akipata maumivu makali yasiyokoma, au mtoto akipunguza kucheza, asisubiri kupambazuke. Aende hospitali saa ileile.