Waraka kwa Wanachama: Figisu ni Zao, Kazi ni Yetu

Kwa wachezaji, benchi la ufundi, viongozi wa matawi na wanachama wote wa klabu, Bariadi.

Ndugu zangu,

Tangu turudi kutoka ugenini, habari stendi na kwa mama lishe ni moja tu: tumeonewa. Kipa wao alilala chini kila alipodaka. Waokota mipira walitoweka na mipira mara baada ya bao lao la kwanza. Beki wao aligaagaa hadi machela ilipofika, kisha akainuka na kukimbia. Hayo ni kweli, niliyaona. Lakini niliona pia bao la pili. Wachezaji wetu wanne walikuwa wamemzunguka mwamuzi wakidai kadi, wapinzani wakaanzisha faulo haraka, na upande wetu wa kushoto ulikuwa mtupu. Pale hapakuwa na figisu. Walitukuta tunabishana.

Nawaomba tuache kuwazungumzia wapinzani kana kwamba wao ndio wanaopanga matokeo yetu. Kupoteza muda, kujiangusha, kumchokoza mshambuliaji mwenye hasira mpaka alipize, yote haya yapo kuanzia ligi ya wilaya hadi fainali za Afrika. Kijana anayetaka kuishi kwa mpira atakutana nayo kila wiki.

Tazameni yaliyotokea kwa wakubwa. Usiku wa kuamkia Machi 8, 2025, Simba, waliokuwa wageni wa Yanga, walisema wamezuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa, haki ambayo kanuni inampa mgeni. Wakatangaza hawatacheza, Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo, na nchi nzima ikabishana kwa zaidi ya miezi mitatu. Najua klabu yetu ina mashabiki wa Simba na wa Yanga, na sitaki kufufua ugomvi huo. Kudai haki kwa njia ya kanuni si kosa. Ninachosema ni kwamba mchezo ulipochezwa hatimaye Juni 25, hoja zote zilibaki nje ya geti. Simba walihitaji ushindi ili wawe mabingwa, Yanga wakashinda 2-0 na kubeba kombe. Barua nzuri haifungi bao.

Na wengi wetu hapa tumekulia kwenye shule ya jambo hili. Wagika na Wagalu, makundi ya ngoma ya Wasukuma, wanaposhindana hucheza wakati mmoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Manju, kiongozi wa ngoma, akiona watu wanahamia ng'ambo hasimami kulalamika kwamba wenzake wameleta nyoka. Anabadilisha wimbo, anaingiza vituko vipya, anawarudisha watu. Hicho ndicho ninachokitaka kwa timu yetu dakika ya sabini, tukiwa nyuma kwa bao moja na kipa wao amelala.

Sheria nayo imetusaidia, ila lazima tuijue. Tangu Julai 2025, kipa akishika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde nane, timu pinzani inapewa kona, na mwamuzi anahesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole, mkono juu. Kwa hiyo kipa wao akidaka, nahodha peke yake ndiye azungumze na mwamuzi, kwa adabu, na wengine wajipange kwa ajili ya kona. Anayemfokea mwamuzi anampa kipa yule sekunde anazozitafuta. Mpira ukitoka, aliye karibu aufuate mwenyewe, asimsubiri mtoto wa watu.

Kwa viongozi nina neno zito zaidi. Habari za vyumba vya kubadilishia nguo vilivyopuliziwa dawa tumezisikia miaka mingi, na Bodi ya Ligi imewahi kuzitoza faini hata Simba na Yanga kwa kukwepa vyumba au kuingia uwanjani kwa mlango usio rasmi. Fedha zinazochangwa usiku kwenda kwa mganga zingelipa nauli ya kusafiri siku moja kabla, vijana wakalala, wakaukanyaga uwanja wa ugenini mapema. Kama kuna jambo la kulalamikia, lisemwe kwenye kikao cha kabla ya mchezo mbele ya kamisaa, kwa maandishi, leseni zetu zikiwa mezani na zimekamilika. Pingamizi la mtu ambaye karatasi zake zina kasoro halisikilizwi.

Mashabiki, chupa moja ikirushwa uwanjani ni sisi tunaoadhibiwa.

Kuanzia Jumanne, nusu saa ya mwisho ya mazoezi itachezwa hivi: kikosi cha akiba kitaongoza kwa bao moja na kitaruhusiwa kujivuta, kujiangusha na kuchokoza kadiri kinavyoweza. Kikosi cha kwanza kitafute bao la kusawazisha. Atakayejibu uchokozi atatoka, na hatabadilishwa. Wanachama mnakaribishwa kutazama, na mwenye mipira ya ziada nyumbani aje nayo.

Katibu wa Klabu