GARI LA SPOTI SI MWIZI WA MAFUTA

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wale waliohudhuria mdahalo wa chama chetu muhula wa pili watakumbuka kwamba hoja iliyokuwa mbele yetu ilisema hivi: "Gari la spoti haliwezi kuwa na matumizi mazuri ya mafuta." Mimi nilikuwa miongoni mwa wapinga hoja, na tulishindwa vibaya sana. Msemaji wa mwisho wa watetezi alisimama, akaiga mlio wa Subaru inayopita Bondeni saa sita za usiku, ukumbi mzima ukaangua kicheko na kura zote zikaenda upande wake. Kucheka si kosa. Hata mimi nilicheka. Lakini mlio si hoja, na kwa vile pale ukumbini nilipewa dakika 5 tu, naomba ruhusa ya mhariri niyaseme hapa yale yaliyobaki moyoni.

Isitoshe, kwangu mimi jambo hili halikuwa mchezo wa Ijumaa alasiri. Kaka yangu mkubwa ana gari la aina hiyo, Subaru Impreza lenye turbo. Alilinunua kwa akiba yake na mkopo wa chama, akawa analikodisha kwa watu wanaotaka kufikishwa Naivasha au Nairobi upesi. Sehemu ya karo yangu hutoka katika gari hilo. Basi mwaka huu mambo yakaenda mrama. Kila akirudi safari, pesa zote zimebaki kwenye kituo cha petroli. Jioni moja baba akasema mbele yetu sote, "Hilo gari la mashindano linakunywa karo ya mtoto. Liuzwe." Mama hakusema neno, na nyumbani kwetu mama akinyamaza ujue hali ni mbaya kuliko baba akigomba.

Nasi sote tunajua bei ya mafuta ilivyo. Mnamo Septemba 2023 lita moja ya petroli jijini Nairobi ilipita shilingi 200 kwa mara ya kwanza, na Oktoba yake ikafika shilingi 217. Kwa hiyo simlaumu baba. Ila niliuliza swali moja ambalo hata kwenye mdahalo hakuna aliyeliuliza: je, kuna mtu aliyepima?

Hakuna aliyekuwa amepima. Kaka yangu alikuwa anatia mafuta ya shilingi 1,000 leo, 1,500 kesho, bila kuandika popote. Ndipo tukamwendea mzee mmoja fundi hapa Bondeni, ambaye ameshika spana tangu enzi za Datsun na Peugeot 504. Alitusikiliza huku anafuta mikono, halafu akasema, "Vijana wangu, mnabishana bure. Jazeni tangi mpaka juu, mwende, mrudi, mjaze tena pale pale. Kisha mgawanye. Darasani mmefundishwa kugawanya, ama?"

Tukafanya hivyo. Jumamosi ya kwanza kaka aliendesha kama alivyozoea. Kwenda Naivasha na kurudi ni kama kilomita 140. Alikuwa anapita malori kwa hasira, anakimbia hadi karibu na lori la mbele, anakanyaga breki, anakimbia tena. Tuliporudi tangi lilimeza lita 19. Hiyo ni kilomita 7 na kidogo kwa kila lita. Jamani, nilihisi baba ameshinda.

Kabla ya Jumamosi ya pili mzee alilikagua gari. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi, yaani lile vumbi letu la Nakuru ambalo mvua isiponyesha huingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Tairi zote nne zilikuwa na upepo pungufu. Kwenye buti kulikuwa na spika kubwa mbili na vyuma ambavyo kaka mwenyewe hakukumbuka ni vya nini. Vyuma na spika vikashushwa, chujio likabadilishwa, tairi zikajazwa upepo. Halafu tukaenda barabara ile ile, kwa mwendo wa kilomita 80 hadi 90 kwa saa, bila pupa. Niliketi mbele nikiangalia mshale wa spidi kama msimamizi wa mtihani. Tuliporudi tangi lilimeza lita 12 na nusu. Gawanya mwenyewe: zaidi ya kilomita 11 kwa lita. Gari ni lile lile, injini ni ile ile, hata dereva ni yule yule. Kwa bei ya shilingi 200 kwa lita, tofauti ya safari hizo mbili ni shilingi 1,300. Safari nne kama hizo ni zaidi ya shilingi 5,000, na mhasibu wa shule anajua vile ningezipokea kwa mikono miwili.

Sasa tuje kwenye Fizikia, maana kuna walimu wanaosoma gazeti hili na sitaki waniandikie "eleza zaidi" kwa kalamu nyekundu. Gari linapokimbia, hewa hulisukuma nyuma, na nguvu hiyo hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 120, mwendo umeongezeka mara moja na nusu, lakini upinzani wa hewa umeongezeka zaidi ya mara mbili. Hewa haiulizi kama gari ni la spoti au ni la kubeba kabeji za Molo. Kwa kweli gari la spoti lina nafuu hapo, kwa sababu kwa kawaida ni fupi kwa kimo na limechongwa kama samaki. Linalopata taabu ni lile refu lenye uso wa kabati.

Jambo la pili ni breki, na hili ndilo lililonishangaza nilipolipigia hesabu. Gari la kilo 1,400 likiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa lina nishati ya mwendo ya kiasi cha kilojuli 540. Ukilisimamisha kwa breki, nishati yote hiyo inageuka joto na kupotea. Lita moja ya petroli ina takriban megajuli 32, lakini injini ya kawaida hugeuza kama robo tu kuwa kazi. Kwa hiyo kulirudisha gari lile kwenye mwendo wake kunahitaji karibu mililita 70 za petroli. Hicho ni kikombe kimoja cha kahawa, vile vikombe vidogo vya wazee wa baraza. Kaka yangu, kila alipokimbilia mgongo wa lori na kukanyaga breki, alikuwa anamwaga kahawa barabarani, kikombe baada ya kikombe.

Hata hivyo sitaki mnione mkaidi. Watetezi wa hoja walikuwa na ukweli kiasi. Injini kubwa hula hata ikiwa haifanyi kazi kubwa. Unapoenda polepole mlango wa hewa wa injini ya petroli unakuwa karibu umefungwa, na injini inahangaika kuvuta hewa kama mtu anayenywa uji mzito kwa mrija. Turbo nayo, ukiilazimisha, hutaka petroli ya ziada ili injini isichomeke. Tena gari kama la kaka huzungusha magurudumu yote manne wakati wote, na hilo lina gharama yake. Ndiyo maana hata tulipoenda kistaarabu hatukufika kilomita 16 kwa lita. Gari dogo la kawaida lingetushinda. Lakini hoja haikusema "haliwezi kulishinda gari dogo". Ilisema haliwezi kabisa, na hapo ndipo nakataa kata kata.

Kwani spoti ni nini? Wengi wetu tunadhani spoti ni injini kubwa na kelele. Tazama Mazda MX-5, gari la watu wawili lisilo na paa la kudumu. Lile lenye injini ya lita 1.5 lina uzito wa kama tani moja tu, na vipimo rasmi vya Ulaya vinalipa kiasi cha kilomita 16 kwa lita. Toyota GR Yaris, ambalo limetengenezwa kwa damu ya mashindano ya Safari na mengineyo, lina silinda 3 tu na vipimo vyake ni kama kilomita 12 kwa lita. Sasa chukua yale magari marefu ya petroli yenye silinda 8 ambayo wakubwa hushukia kwenye harambee. Hayo hupata kilomita 7 kwa lita au chini ya hapo, na hakuna aliyewahi kusimama kwenye mdahalo akayaita wezi! Labda kwa sababu hayapigi kelele.

Wepesi ndio siri, na historia ya Safari Rally hapa kwetu inathibitisha. Mwaka 1974, miezi michache tu baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 kutikisa dunia, Joginder Singh alishinda Safari akiwa na Mitsubishi Colt Lancer yenye injini ya lita 1.6. Nyuma yake, wa pili, alikuwa Björn Waldegård akiwa na Porsche 911. Mwaka 1993 Subaru walileta kigari kiitwacho Vivio, injini yake sentimita za ujazo 658, yaani kama bodaboda tano au sita zilizofungwa pamoja. Watu walikicheka. Patrick Njiru akakifikisha mwisho wa Safari katika nafasi ya 12 na kushinda daraja lake, ilhali magari mengi makubwa yalibaki njiani. Fundi wetu anakumbuka. Anasema kigari kile kilipita kwenye matope kama mbuzi.

Mashindano yenyewe ni habari nyingine, na sitadai kwamba dereva wa Safari anabana mafuta. Anayeshindana anakanyaga. Mfano mzuri ni Formula 1. Mwaka 2014 sheria iliweka kikomo cha kilo 100 za mafuta kwa mbio za kilomita 305 hivi. Kilo hizo ni karibu lita 135, kwa hiyo magari yale yalienda kilomita 2 na kidogo kwa lita. Aibu, sivyo? Lakini mwaka 2017 Mercedes walitangaza kwamba injini yao ya Formula 1 ilipojaribiwa karakanani iligeuza zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Kumbuka injini zetu hugeuza kama robo. Kwa hiyo injini ile ilikuwa hodari kuliko ya matatu yoyote unayoijua, na bado ilimaliza lita 135 kwa saa moja na nusu, kwa sababu ya mwendo ilioombwa.

Na hapa Naivasha, ndani ya kaunti yetu, waliokwenda kutazama Safari kati ya 2022 na 2024 waliona ajabu nyingine. Magari ya daraja la juu yalikuwa haibridi, yenye mota ya umeme ya kilowati 100 na betri iliyojichaji kila dereva aliposhika breki. Yaani kile kikombe cha kahawa kilikuwa kinakingwa kabla hakijamwagika. Katika sehemu maalumu kama kambi ya mafundi yalitembea kwa umeme, kimya, watoto wakiuliza kama yameharibika. Mwaka 2025 mitambo hiyo iliondolewa kwa sababu ya gharama na ugumu wake, jambo ambalo mimi binafsi naona lilikuwa kurudi nyuma.

Najua kuna atakayesema: sawa, lakini gari la spoti likiendeshwa kwa kilomita 80 si la spoti tena, limekuwa la mzee wa kanisa. Huyo simkubalii. Kwenye kona, gari lililo jepesi na lenye kushika barabara halihitaji kupunguza mwendo sana, kwa hiyo halihitaji kukanyagwa tena likitoka. Huo ndio uspoti wenyewe. Hiyo ekzosi kubwa aliyoifunga kaka nayo, kwa maoni ya fundi, haili mafuta mengi yenyewe. Kinachokula ni mguu unaotaka kuusikia mlio wake.

Basi tulimpelekea baba karatasi yenye hesabu za Jumamosi zote mbili. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema gari lisiuzwe kwanza, lipewe miezi mitatu, na kila lita iandikwe kwenye daftari. Daftari ninalo mimi. Mpaka ninapoandika makala haya wastani ni kilomita 10 na nusu kwa lita, isipokuwa Jumapili mbili ambapo ulishuka hadi 8. Kaka anasema ni msongamano wa magari. Mimi nilikuwa nyumbani Bondeni Jumapili hizo zote mbili, na nilimsikia akirudi kabla hajafika hata kwenye kona yetu.