Usiingizwe mkenge na kioo cha rangi!

Wiki hii nina dhambi moja moyoni. Nimeona bora niitubu hapa hapa ukurasani kuliko kuendelea kutembea nayo mitaani.

Nina binamu yangu Arusha, rika langu kabisa. Kazi yake ni kutembeza wageni kwa miguu kwenye vilima vya nje ya mji. Siku moja akapata wageni wawili Wajerumani, mtu na mkewe, waliokuja na mchezo wao wa kusaka viboksi vilivyofichwa porini, huku wameshika vidude mkononi vinavyowaonyesha njia. Binamu akaona hapo pana mshiko. Akajibana, akakusanya bakshishi zake za msimu mzima, akanitumia. "Kaka, wewe ndiye uko Dar, nitafutie GPS ya maana."

Mimi bwana, na ujuaji wangu! Nikaingia duka moja, sitalitaja, nikaonyeshwa kitu cha mtumba chenye kioo cha rangi, cha kugusa kwa kidole, kinang'aa kama taa za disko. Roho ikalainika. Sikuuliza hata swali moja la maana. Nikalipa, nikakifunga vizuri, nikakipandisha basi.

Basi bwana, safari ya kwanza tu mambo yakaharibika. Binamu alitoka saa 2 asubuhi na wageni wengine wawili wenye mchezo ule ule. Saa 6 mchana kile kidude kikazima... jii! Betri yake ni ya ndani kwa ndani, imechoka, huwezi kuitoa ukaweka nyingine. Simu za wageni zilikuwa zimekwisha chaji. Msitu ule haukuwa njia yake ya kila siku, alikuwa anafuata namba, na ukungu nao ukashuka. Walitoka barabarani saa 3 usiku, mgeni mmoja anachechemea. Bakshishi hakuna, na aliyekuwa akimpa kazi akamwambia apumzike kwanza mwezi mzima.

Mwezi mzima mtu hana kazi, kisa macho yangu yamependa rangi! Ndiyo maana nimekaa chini nikasoma, nikauliza wanaojua. Haya niliyoyapata nakupa bure, msomaji wangu, usije ukamfanyia mwenzio nilivyofanya mimi.

MCHEZO WENYEWE

Wenyewe wanauita jiokashingi. Asili yake ni Marekani. Zamani serikali ya huko ilikuwa inaivuruga kwa makusudi ishara ya GPS wanayotumia raia, hata ukakosea kama mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000, Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji huo uzimwe. Mara moja vifaa vya raia vikawa na shabaha kali.

Jamaa mmoja aitwaye Dave Ulmer hakulaza damu. Tarehe 3 Mei 2000 akaenda Beavercreek, jimbo la Oregon, akafukia nusu ndoo nyeusi yenye vitabu, kopo la maharage, manati na vikorokoro vingine, kisha akatangaza namba za mahali pale kwenye intaneti. Aliyewahi kuifikia ni Mike Teague. Leo viboksi vimezidi milioni 3 duniani. Tanzania na Kenya navyo vipo, ingawa huwezi kulinganisha na Marekani au Ujerumani.

Sheria ni nyepesi. Ukikipata unaandika jina kwenye kidaftari kilichomo, ukichukua kitu unaacha kingine chenye thamani ile ile au zaidi, unakirudisha kilipokuwa. Hakuna kiingilio wala zawadi ya gari. Raha yake ni kutafuta.

UNA SIMU? ANZA NAYO

Kabla hujavunja kibubu, sikiliza. Simu yako ya kisasa ina GPS ndani, tena inafanya kazi hata bila bando, mradi ramani na namba umeviweka mapema. Kama unataka kujaribu tu Jumapili na washikaji, inatosha kabisa.

Tatizo linaanza ukitaka kuzama porini kutwa nzima. Simu inakula chaji, jua kali linakufanya usione kioo, mvua unaiogopa, na ikidondoka kwenye jiwe ndiyo basi tena. Na mjini, kutembea umeinyoosha mkononi kama unamulika njia ni kuwakaribisha vibaka. Hapo ndipo GPS ya mkononi inapopata heshima yake.

MAMBO MATANO YA KUTAZAMA

La kwanza ni betri, na hili nimelilipia ada. Kuna aina mbili. Zipo zinazokula betri mbili ndogo za AA, hizi hizi za saa ya ukutani, ambazo unazipata hata kwenye genge la kijijini. Na zipo zenye betri ya ndani ya kuchaji. Sisemi za ndani ni mbaya. Garmin GPSMAP 67 iliyotoka 2023 mwenyewe anaitangaza kwa saa 180. Lakini hiyo ni ikiwa mpya! Ya mtumba hujui imechajiwa mara ngapi. Kwa mtumba, mimi sasa nasema AA tu, na betri za akiba mfukoni.

La pili ni masikio yake. Kifaa kinasikiliza setelaiti zilizo juu kama kilomita 20,200, na kinahitaji angalau nne ili kijue kipo wapi. Majani mazito na magorofa huziba au huzirudisha ishara, ndipo mshale unapoanza kukuzungusha kama pia. Vya zamani vingi vinasikia GPS ya Marekani peke yake. Vya sasa vinasikia pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na hata BeiDou ya China. Vingine, kama GPSMAP 65 ya mwaka 2020, vinapokea masafa mawili, jambo linalosaidia sana chini ya miti na kando ya majabali.

La tatu ni dira. Vifaa vya bei ya chini vingine havina dira yake. Vinajua unaelekea wapi pale tu unapotembea. Ukisimama, mshale unabaki kuotea. Na kwenye mchezo huu mita za mwisho ndizo za kusimama-simama! Kwa mfano, eTrex 22x na eTrex 32x zote zilitoka 2019 na zinafanana kama mapacha, lakini 32x ndiyo yenye dira. Muulize muuzaji, "Hii ina dira ya ndani?" Akianza kukuzungusha, ujue hajui.

La nne ni maji. Tafuta alama ya IPX7. Maana yake kinavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kagua na mpira unaoziba tundu la waya. Ukiwa umepasuka, hiyo alama ni pambo.

La tano ni kioo, na ona nimekiweka mwisho makusudi. Kitoe nje juani, mchana kweupe. Kama huoni kitu, hizo rangi ni za kutazamia dukani. Garmin eTrex SE ya mwaka 2023 ina kioo cheusi na cheupe kisicho na mbwembwe wala ramani. Lakini ina dira, inatumia betri mbili za AA na Garmin anaihesabia hadi saa 168. Ilipotoka Marekani iliuzwa dola 149.99. Ndiyo, imepooza kwa sura, lakini ingemrudisha binamu yangu nyumbani mapema.

KAMA NI MTUMBA...

Usilipe mkiwa ndani ya duka. Toka nacho nje penye anga wazi, ukiwashe, usubiri. Kikiwa kimelala muda mrefu au kimetoka nchi ya mbali kinaweza kuchukua dakika kadhaa kujitambua, kwa hiyo kipe hata dakika 15 kabla ya kukihukumu. Fungua mahali pa betri. Ukiona ukungu wa kijani kwenye vyuma, aga, ondoka.

Halafu kuna ujanja mmoja wachache wanaujua. Tazama tarehe! GPS inahesabu wiki mpaka 1,024 kisha inaanza upya, na mara ya mwisho ilianza upya Aprili 2019. Kifaa kikuukuu ambacho programu yake haijasasishwa kinaweza kukwambia ni miaka ya nyuma huko, enzi watu wanabeba redio kaseti begani. Mahali mara nyingi kinapataja sawasawa, lakini tarehe hiyo ni sababu nzuri ya kushusha bei.

Ukishakinunua, hakikisha kimewekwa WGS84, ndiyo inayotumika kwenye mchezo. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa kipimo cha Arc 1960, na kifaa kikiachwa huko kinaweza kukupeleka kama mita 300 pembeni. Utachimba shamba la watu bure, ufukuzwe na mbwa!

Na nukta, jamani, nukta. Namba za viboksi huandikwa kwa digrii na dakika zenye nukta, mfano S 06° 48.500. Ukizembea ukaingiza 6.48500 kama digrii tupu, umekosea kilomita zipatazo 36. Ni kama kutafuta kitu Posta wakati wenzio wako safarini kuelekea mkoa mwingine.

TUSIDANGANYANE

Hata ukinunua cha bei mbaya, hakitakuonyesha kiboksi kwa kidole. Kitakosea mita chache, na aliyeficha naye kifaa chake kilikosea chache. Zijumlishe. Ukifika karibu, kitie mfukoni, utumie macho. Tazama chini ya jiwe lililokaa vibaya, ndani ya pango la mti, nyuma ya nguzo. Wazoefu wote ndivyo wanavyofanya.

Kuhusu binamu yangu, nilimpigia nikamwomba radhi. Nimekuwa nikiweka kando malipo ya safu hii ili nimrudishie pesa yake yote, na nimebakiza kidogo. Wiki iliyopita nikamwambia nishaona kifaa kingine kizuri sana, cha betri za AA, chenye dira. Akacheka mpaka nikaona aibu.

"Asante kaka," akasema. "Ila safari hii nitumie hela tu. Kuchagua nitachagua mwenyewe."

Haya, msomaji wangu, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na ukiona kitu kinang'aa dukani, nikumbuke!