Baada ya Daraja la Kigongo–Busisi, Nguvu ya Vivuko Ipimwe kwa Usalama

Kufunguliwa kwa Daraja la J.P. Magufuli Juni 19, 2025 na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, kumebadili safari za wananchi wa Shinyanga, Mwanza na Geita. Msafiri aliyelazimika kusubiri kivuko Kigongo sasa anafika Busisi kwa dakika chache, juu ya daraja la takriban kilomita 3.

Hata hivyo, daraja hilo haliondoi umuhimu wa vivuko. Wakazi wa visiwani na mwambao wa Ziwa Victoria, wakiwemo wa Chato na Nkome mkoani Geita, wanahudumiwa na vyombo vya Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania (TEMESA).

Idadi ya vyombo pekee si kipimo cha nguvu. MV Nyerere, kivuko chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka Septemba 20, 2018 karibu na Kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Pale ambapo kivuko ni kimoja na hakuna cha akiba, wananchi hujazana kwa kuhofia kuachwa.

Kwa msingi huo, nafuu iliyopatikana Busisi ni fursa ya kuimarisha maeneo yenye uhitaji zaidi. Matengenezo yafanyike kwa wakati, abiria wahesabiwe, na kila mwananchi akatae kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi.