Tuulizeni kabla ya kununua

Ndugu zetu wa mashirika, sisi vijana wa Lobule, Koboko, hatukuomba maiki ya kondensa. Inapendeza kwenye picha zenu, sawa. Lakini inadai umeme wa volti 48, na chini ya mabati inanasa mvua, jenereta, hadi kuku wa jirani! Dainamiki kama Shure SM58 haidai umeme huo, na kelele za mbali haizichukui sana. Programu? Audacity ni ya bure, leseni ndogo ya Reaper ni dola 60, laptop kuukuu inaziweza. Ile ya majaribio mliyotuwekea ilihifadhi wimbo wetu, kisha ikagoma kuufungua. Wiki mbili zimeenda hivyo. Safari hii twendeni wote Arua mjini, tuijaribu maiki dukani kabla hamjalipa.